Soko la mafundi tovuti: Sampuli inapogeuka gunia zima

MNUNUZI wa machungwa anayefika Muheza na lori lake hapewi gunia zima bure ili aamue kama atanunua. Anakatiwa chungwa moja, analionja, anatema mbegu, na mazungumzo ya bei yanaanza. Muuzaji amepoteza chungwa moja na mnunuzi amejua anachokinunua. Hakuna anayelalamika.

Katika soko la mafundi wa tovuti mambo si rahisi kiasi hicho. Wale wanaotengeneza upande wa mbele wa tovuti, yaani kile ambacho mtumiaji anakiona na kukigusa katika skrini, sasa wanatakiwa kutoa sampuli iitwayo zoezi la nyumbani kabla ya kupata ajira. Mwombaji hutumiwa maelekezo kwa barua pepe, akapewa siku tatu, tano au wiki nzima, akatengeneza ukurasa au programu ndogo, kisha akairudisha ili isomwe na wataalamu wa mwajiri. Asipofanya, jina lake linakatwa. Akifanya, huenda akaitwa kwenye usaili, huenda akajibiwa kwa sentensi mbili za shukrani, na huenda asijibiwe kabisa.

Kwa Tanga na mwambao wake suala hili lina uzito wake. Kazi ya tovuti haihitaji gati, reli wala shamba. Inahitaji kompyuta, umeme na intaneti, na tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, kijana aliyeko Makorora au Chumbageni anaweza, angalau kinadharia, kumfanyia kazi mwajiri wa Nairobi au Berlin bila kupanda basi. Lakini mwajiri wa mbali hamjui. Hajapata kukisikia chuo chake, na hana jirani wa kumuuliza habari zake. Kinachobaki ni kumpima kwa kazi.

BIDHAA YENYEWE

Zoezi la kawaida huwa na sura kama hii. Mwombaji anapewa faili lenye orodha ya safari za mabasi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, Arusha na Mombasa, pamoja na saa za kuondoka na nauli. Anatakiwa atengeneze ukurasa unaomwezesha abiria kutafuta safari kwa jina la mji, kupanga nauli kuanzia ya chini hadi ya juu, na kuona yote hayo vizuri kwenye simu ndogo. Ataambiwa atumie React, programu iliyotolewa na Facebook mwaka 2013 na ambayo waajiri wengi wanaitaja katika matangazo yao, na aiweke kazi yake GitHub ambako mwajiri ataifungua na kuisoma.

Kwa asiyefahamu fani hii, hiyo ni kazi ya jioni moja. Kwa anayefahamu, ndani yake kuna maswali ambayo hayakuandikwa. Mtandao ukikatika katikati ya kutafuta, abiria ataona nini? Akiandika "Mombassa" kwa s mbili, ukurasa utamwambia hakuna basi, au utamsaidia? Mtu asiyeona, anayetumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, ataweza kulipata basi la saa 12 asubuhi? Kitufe kimeandikwa kama kitufe, au ni picha tu iliyopakwa rangi ili ifanane na kitufe?

Hapo ndipo wasomaji wa mazoezi hutenganisha mchele na chuya. Mwajiri makini hahangaiki sana na uzuri wa rangi. Anasoma msimbo aone kama mtu mwingine ataweza kuurekebisha mwaka ujao. Anaangalia historia ya mabadiliko, ambayo GitHub huitunza hatua kwa hatua, ajue kama kazi ilijengwa kwa mpangilio au iliangushwa yote kwa mkupuo mmoja usiku wa mwisho. Anasoma faili la maelezo, kwa sababu fundi asiyeweza kueleza alichokifanya atawapa wenzake taabu kazini. Waombaji wengi huliandika faili hilo dakika tano za mwisho, nalo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kufunguliwa.

KWA NINI WAAJIRI WANAIPENDA

Sababu kubwa ni kwamba cheti hakisemi yote. Wapo mafundi wazuri waliojifunza wenyewe kwa kompyuta ya kuazima, na wapo wenye shahada wasioweza kupanga ukurasa ukakaa sawa kwenye simu. Mwajiri akitegemea vyeti peke yake atawakosa wa kwanza na kuwachukua wa pili.

Utafiti nao uliwapa nguvu. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na kumpima mtu kwa sampuli ya kazi yenyewe kukatoka juu kabisa ya orodha. Kwa muda mrefu idara za utumishi zilikuwa zikiitaja orodha hiyo kama msahafu. Hata hivyo mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliirudia hesabu na kuona kwamba namba za zamani zilikuwa zimekuzwa. Sampuli ya kazi ilishuka, na usaili uliopangwa vizuri, ambapo kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa kipimo kilekile, ukapanda juu yake. Zoezi bado lina faida, lakini dai kwamba linashinda njia nyingine zote halina tena msingi lililokuwa nao.

Kuna na sababu ambayo waajiri hawaisemi kwa sauti: ni rahisi kwao. Kumsaili mtu kunamchukua mtaalamu wa kampuni saa nzima. Kumtumia zoezi kunachukua dakika moja.

HESABU YA GHARAMA

Chukua kampuni inayotangaza nafasi moja na kuwatumia zoezi waombaji 30. Maelekezo yanasema zoezi ni la "saa tatu au nne". Lakini kila mwombaji anajua kwamba anashindana na wengine 29, kwa hiyo anaongeza hiki na kile, anapima upya, anapamba, na mwisho zinakuwa saa 12. Jumla ni saa 360. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, hivyo saa hizo ni sawa na kazi ya mtu mmoja kwa wiki nane kamili. Kwa upande wa pili, mtaalamu wa kampuni akitumia nusu saa kusoma kila zoezi, atamaliza yote kwa saa 15.

Saa 15 kwa 360. Mmoja anapata kazi, na saa 348 za wengine hazilipwi na yeyote. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri alipe saa za ziada kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, lakini inamlinda aliyekwisha kuajiriwa. Mwombaji bado yuko mlangoni.

Tena hapo hazijahesabiwa gharama za mfukoni, na hizo ndizo zinazomtofautisha kijana wa Tanga na mwenzake wa Ulaya. Kuanzisha tu mradi wa aina hii kunaweza kupakua mamia ya megabaiti za programu saidizi kabla fundi hajaandika mstari wa kwanza. Kwa mwenye intaneti ya waya nyumbani hilo halionekani. Kwa anayenunua bando la simu na kuigeuza simu hiyo kuwa modemu, bando la wiki linaweza kuyeyuka kabla ya adhuhuri. Ongeza luku, na ongeza nauli ya kwenda kwa rafiki mwenye umeme pale unapokatika.

Umeme ni habari ndefu kwa mkoa ambao mto wake, Pangani, umekuwa ukizungusha mitambo ya Hale tangu miaka ya 1960. Mgao ulioanza mwaka 2023 uliwakumba mafundi hawa kama ulivyowakumba mafundi wa kuchomelea, na ulipungua baada ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024. Kisha ikaja zamu ya intaneti. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini na mawasiliano yakadorora nchini na katika nchi jirani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mwombaji ambaye tarehe yake ya mwisho iliangukia siku hizo hakuwa hata na njia ya kumwandikia mwajiri kuomba radhi.

Saa nazo zina mtego. Tarehe ya mwisho ikiandikwa 12:00 UTC, hapa ni saa 9 alasiri. Ikiandikwa 23:59 UTC, hapa ni saa 8:59 usiku, siku inayofuata. Waajiri wa Ulaya ya kati wako nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya kiangazi. Hilo ni jema kwa Tanga, kwani siku ya kazi inalingana karibu yote, jambo ambalo fundi wa Marekani hawezi kumpa mwajiri wa Berlin. Wanaouza ujuzi wao huko wangefanya vizuri kulitaja katika barua ya maombi.

MTIHANI WA KARANI WA CHAPA

Kupima kwa kazi si jambo geni katika pwani hii. Waliotafuta ukarani zamani wanaukumbuka mtihani wa chapa na hatimkato. Mwombaji aliketishwa mbele ya mashine, akapewa karatasi ya kunakili, saa ikaanza kuhesabu, na maneno kwa dakika yakapatikana pamoja na makosa. Mashine ilikuwa ya mwajiri, utepe wa mwajiri, karatasi za mwajiri. Baada ya nusu saa mambo yalikwisha na wote waliopimwa walikuwa wametumia muda sawa. Mwenye watoto wanne nyumbani hakuzidiwa na asiye na mtoto.

Mafundi wa mikono nao walikuwa na majaribio ya ufundi, daraja la tatu hadi la kwanza, ambayo baadaye yaliingia chini ya VETA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Fundi bomba alipimwa mara moja, akapata cheti, na cheti hicho alikipeleka kwa mwajiri wa kwanza, wa pili na wa kumi. Fundi wa tovuti anapimwa upya kila mlango anaobisha. Akiomba kazi kumi, huenda akafanya mazoezi kumi yanayofanana, na alama za la kwanza hazimsaidii katika la pili, kwa kuwa mara nyingi hata hazijui.

Mkonge unatoa mfano mwingine. Tangu Richard Hindorf alipoleta miche ya kwanza mwaka 1893, zao hili limefika mahali ambapo singa hupangwa madaraja kwa urefu, rangi na usafi kabla ya kufungwa marobota. Mnunuzi wa ng'ambo akisikia 3L au UG anajua anapata nini, na mkulima anajua kwa nini marobota yake yamewekwa daraja la chini. Katika zoezi la nyumbani mwombaji mara nyingi haambiwi kipimo. Anaweza kukesha akipamba ukurasa kumbe msomaji alitaka majaribio ya msimbo, au akaandika majaribio mengi kumbe msomaji alitaka uone vizuri kwenye simu. Kipimo kinachofichwa kinapima bahati pamoja na ufundi.

MATAPELI NA MASHINE

Mambo mawili ya miaka ya karibuni yamelitikisa soko hili zaidi.

La kwanza ni utapeli. Novemba 2023 kitengo cha Unit 42 cha kampuni ya usalama wa kompyuta ya Palo Alto Networks kilieleza kampeni ya wahalifu waliohusishwa na Korea Kaskazini, waliojifanya waajiri na kuwatumia mafundi wa programu miradi ya kufanyia kazi kama sehemu ya usaili. Ndani ya miradi hiyo mlikuwa na programu haribifu. Fundi alipouwasha mradi katika kompyuta yake ili aanze zoezi, programu hiyo ilichota nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari na kutafuta pochi za fedha za kidijitali. Kwa hiyo anayepokea zoezi lenye msimbo uliokwisha kuandikwa anatakiwa ausome kwanza, na auwashe katika kompyuta isiyo na nywila za benki wala za kazi nyingine. Mwajiri asiye na anuani, asiyekubali simu ya video, na anayeharakisha "uwashe tu sasa hivi" ni wa kuepukwa hata kama mshahara anaoutaja ni mnono.

La pili ni akili bandia. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, zoezi la ukurasa wa mabasi linaweza kuandikwa na mashine kwa dakika chache, na likafanya kazi. Waajiri wamegawanyika. Wapo waliopiga marufuku, ingawa hawana njia ya uhakika ya kumkamata mkiukaji. Wapo waliofanya zoezi liwe gumu zaidi, na hao wamewaongezea saa wale wanaofanya kwa mikono yao wenyewe. Wenye busara zaidi wameruhusu mashine kisha wakamwita mwombaji kwa dakika 45 aeleze kazi yake na aibadilishe mbele yao: ongeza kituo cha Segera hapa, eleza kwa nini uliandika hivi na si vile. Aliyenunua kazi kwa mtu au kwa mashine bila kuielewa hukwama katika swali la pili.

Jambo hilo limefungua swali ambalo lilistahili kuulizwa mapema. Kama dakika 45 za mazungumzo ndizo zinazoonyesha nani fundi, zile saa 12 za kabla yake zilikuwa za nini?

NANI ALIPE

Baadhi ya waajiri wamejibu kwa fedha. Matt Mullenweg wa kampuni ya Automattic, wenye tovuti ya WordPress.com, alieleza mwaka 2014 katika jarida la Harvard Business Review kwamba waombaji waliofika hatua ya majaribio walikuwa wakilipwa dola 25 kwa saa, kila nafasi kiwango hichohicho, wakifanya kazi halisi usiku au mwisho wa wiki bila kuacha ajira walizonazo. Anayelipa huwa mwangalifu: hawatumii zoezi watu 30, anawachuja kwanza na kuwaachia watatu au wanne.

Wengine hupunguza ukubwa. Badala ya ukurasa mzima, mwombaji anapewa ukurasa wenye makosa matano na saa moja ya kuyatafuta akiwa na msaili. Wengine hukubali kazi aliyokwisha kuifanya, tovuti ya shule au ya duka la vipuri la mjomba wake, na kumhoji juu ya hiyo. Kwa kijana wa Tanga njia hii ina nafuu kubwa, kwa sababu kazi moja nzuri itamhudumia katika maombi mengi, kama kile cheti cha fundi bomba.

Suala la umiliki nalo lisisahauliwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na ulinzi huo unaanza kazi inapotengenezwa, bila kusubiri usajili. Zoezi lililoandikwa na mwombaji ni lake. Mwajiri anayetaka kulitumia katika biashara yake anapaswa kukubaliana naye kwa maandishi, na mwombaji anayeona kwamba "zoezi" ni ukurasa halisi wa malipo wa kampuni, wenye nembo yake na bidhaa zake, ana sababu ya kuuliza bei kabla ya kuanza.

Onyo hilo linawahusu pia waajiri wadogo wa huku mwambaoni, ambao huenda hawajui kwamba wanatoa zoezi la nyumbani. Mwenye hoteli ya ufukweni Pangani anayewaambia vijana watatu "kila mmoja anitengenezee tovuti, nitakayoipenda nitailipia" amenunua tovuti tatu kwa bei ya moja. Hawezi kufanya hivyo kwa seremala. Akiagiza milango mitatu ili alipie mmoja, seremala wa Ngamiani atamcheka hadharani.

Kwa mwajiri wa namna hiyo utaratibu wa haki si wa gharama kubwa. Awaombe watatu hao wamwonyeshe tovuti walizokwisha kutengeneza na azifungue mwenyewe kwenye simu yake, akiwa mahali penye mtandao hafifu, kwani wageni wake wengi watazifungua hivyo. Amchague mmoja, amlipe ukurasa wa kwanza peke yake, na aandike katika karatasi mambo manne: ukurasa utakuwa na nini, utakamilika lini, fedha kiasi gani, na nani atabaki na nywila za jina la tovuti. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa zaidi, na mwenye hoteli hugundua siku fundi wake anapohamia Dar es Salaam na kubadilisha namba ya simu.